Kondoo wa Kupeana Jina

Kitengela, Jumanne, Novemba 2009

Mvua imenyesha tangu alfajiri na bado inanyesha. Udongo mweusi wa mtaa wetu wa Noonkopir umekuwa uji. Jirani amepita akiwa ameshika viatu mkononi, na kila hatua mguu wake ulitoka ardhini kwa sauti kama ya busu. Nimecheka peke yangu dirishani. Kucheka nako kunanichosha siku hizi.

Miguu imevimba tena. Nimelala nikiwa nimeketi, nimeegemea mito, maana nikilala chali pumzi inakatika. Daktari wa Kajiado alinieleza kuhusu moyo wangu kwa upole mwingi, kisha akaniambia niende nyumbani nikapumzike. Nimeishi vya kutosha kujua maana ya daktari anayekwambia ukapumzike.

Jumamosi mwanangu mkubwa, Kizito, atakuja na gari anipeleke Kimilili, nyumbani kwetu Magharibi, alikozikwa baba yake. Hakuna aliyelitamka, lakini sote tunajua sababu. Ni rahisi kwa familia kumsafirisha mtu anayepumua kuliko kusafirisha jeneza. Sijakasirika. Mimi mwenyewe nimewahi kumshauri hivyo rafiki yangu aliyekuwa na mama mgonjwa, tena kwa sauti ya mtu mwenye busara.

Kinachoniliza si Kimilili. Ni Barasa.

Mnaosoma ukurasa huu mnanijua kama Mwalimu. Rose, mke wa Kizito, anayenitunza hapa, ndiye aliyenifungulia, akasema niandike badala ya kukaa nikitazama dari. Nimewaandikia kuhusu sala, kuhusu wanafunzi wangu wa zamani, kuhusu pundamilia waliokuwa wakipita mbele ya mlango wetu tulipojenga hapa mwanzoni mwa miaka ya tisini, kabla seng'enge hazijajaa kila mahali. Kuhusu mwanangu wa pili sijawahi kuandika neno. Leo nitaandika, kwa sababu sina hakika nitaandika mara nyingine ngapi.

Barasa alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu alipougua. Alianza kwa kuacha kulala. Kisha akaanza kusikia watu wakimtaja jina ukutani. Mwaka uleule alirudi nyumbani na begi moja, na hakurudi chuoni tena. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Sasa ana thelathini na zaidi, na ndevu zake zina mvi chache ambazo huwa natamani kuzing'oa, kama vile nikizing'oa nitarudisha kitu.

Tulizunguka. Hospitali, maombi, mafuta ya upako, hospitali tena. Dawa zilituliza zile sauti lakini zilimwacha mzito, mtu wa maneno matatu kwa siku. Baba yake alipofariki tulimpeleka Kimilili kwa mazishi, na baadaye nikamwacha huko kwa ami yake muhula mmoja ili nimalize kufundisha. Niliporudi nilimkuta amefungiwa chumba cha nyuma. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na aibu na hofu, na wageni walikuwa wakija. Nilimrudisha Kitengela siku hiyohiyo.

Kanisani akina mama waliniambia, "Mama Kizito, Mungu ana kusudi." Nami nikawa nawaambia wengine hivyohivyo. Mwenye msiba nilimpa ule mstari wa Yeremia ulio kwenye kalenda za nusu ya nyumba za mji huu: kwamba Mungu anajua anachotuwazia, kwamba ni mema, na kwamba mbele kuna tumaini. Niliutoa kama peremende mfukoni.

Barasa alikuwa mtembeaji. Ukifumba jicho, ameshafika Kisaju. Siku moja mzee wa Kimaasai alimleta nyumbani kwa pikapu yake, akampigia honi mbwa wetu, akashuka akicheka.

"Mama, huyu ni wako? Nimempata kwa zizi ya ndama zangu. Ameketi katikati kama chifu. Na ndama zimetulia, hata moja haipigi kelele."

Huyo ndiye Mzee Lemayian. Asije mtu akamfikiria kama wale wazee watakatifu wa hadithi. Ni mzee wa kanisa mwenye mdomo mrefu, aliyeuza kipande cha shamba kununua ile pikapu na mpaka leo mkewe hajamsamehe. Lakini tangu siku hiyo Barasa alikwenda kwake kila asubuhi, na alirudi jioni ananuka maziwa na moshi. Akaanza kulala usingizi. Maneno matatu yakawa kumi.

Na kuna jambo jingine. Mtaa mzima huniita Mama Kizito, kwa jina la kifungua mimba, ilivyo desturi. Lemayian peke yake huniita Mama Barasa. Mara ya kwanza nilimsahihisha. Akanisikiliza kwa makini sana, kisha akaendelea kuniita Mama Barasa.

Mwaka uliofuata alimpa Barasa kondoo jike mwenye kichwa cheusi. Kuanzia hapo wakawa wanaitana "Paker". Wamaasai wakipeana kondoo, wanaacha kuitana majina yao na wanaitana kwa kile walichopeana, na undugu huo haufi. Mimi nilifundisha Kajiado zaidi ya miaka ishirini, na hilo sikulijua. Nilijua tu kwamba mwanangu amepewa kondoo, na kwetu Magharibi mtu akikupa kondoo, unajua la kufanya.

Krismasi ikafika. Wakwe wa Kizito walikuja kutoka Kakamega, gari zima. Barasa alikuwa nami kanisani. Tuliporudi, harufu ya nyama ilitulaki getini.

Barasa alisimama mbele ya sufuria, akaiangalia, akaenda kuketi nyuma ya tangi la maji. Mimi niliwakaribisha wageni. Nilikula. Nilijiambia tutamnunulia mwingine.

Kesho yake Lemayian alikuja na kibuyu cha maziwa.

"Mama Barasa, takwenya."

"Iko," nikaitikia salamu yake ya Kimaasai.

Akaiona ngozi, imetandazwa juu ya seng'enge na kichwa cheusi bado kikining'inia. Kizito, maskini, akatoka nje na tabasamu la mwenye nyumba.

"Karibu mzee! Supu bado iko. Alikuwa mnono huyo!"

"Najua alikuwa mnono. Nilimlisha mimi." Lemayian akaweka kibuyu chini. "Nyinyi watu wa Magharibi, mtu akiwapatia binti yake muoe, nyinyi mnauliza ni wa kuchoma ama wa kuchemsha?"

Wakwe walicheka mpaka wakashika kuta. Walidhani ni mzaha. Kizito alikuwa ameanza kuelewa.

"Mzee, tutanunua mwingine. Leo hii."

"Hii si ya kununua, kijana. Ile ilikuwa ya kupeana jina."

Kisha akazunguka nyuma ya tangi. Nilimfuata. Barasa alikuwa ameinamisha kichwa kati ya magoti.

"Paker," Lemayian akamwita. "Paker, kondoo imeisha lakini jina haijaisha. Jina haina shingo ya kukatwa. Kesho kuja, ndama zinakungoja."

Barasa hakuinua kichwa. Lakini kesho yake alienda. Na tangu siku hiyo, kila akitoka nyumbani kwangu anasema neno moja getini, kwa sauti ya mtu anayekumbusha watoto: "Msichinje." Hata kama hakuna kuku.

Nimeandika haya ili muelewe la mwaka huu.

Ukame mliuona. Mizoga ilikuwa kando ya barabara yote ya kuelekea Kajiado, na Wamaasai walipitisha ng'ombe hadi katikati ya mji wakitafuta majani kwenye viwanja vya watu. Mwezi wa sita Lemayian aliamua kuhamisha mifugo yake kuelekea Loitokitok, chini ya mlima. Barasa akasema anaenda. Nilikataa. Akasimama getini na fimbo tangu asubuhi mpaka jua likawa la utosi, bila kusema kitu. Mama Nasieku, mkewe Lemayian, akaja akachukua dawa za Barasa, akazitia kwenye mkebe wa majani ya chai, akaniambia, "Nitampa mwenyewe kila jioni. Akikataa, hapati chai." Nikawaacha waende.

Mwezi uliofuata nililazwa Kajiado. Na hapo ndipo penye neno ambalo sijamwambia mchungaji, wala Kizito, wala mtu.

Niliomba mwanangu afe.

Sikuomba kwa hasira. Niliomba kwa adabu, kama mtu anayeomba ruhusa. Nilisema: Bwana, mimi naondoka. Huyu hana wa kumwelewa. Watamfungia chumba cha nyuma. Mchukue huko aliko, chini ya mlima, akiwa amelala, akiwa na ng'ombe, kabla hujanichukua mimi. Niliomba hivyo siku nyingi. Simu ya Lemayian ilipolia, nilishtuka kwa hofu, na ndani ya hofu hiyo palikuwa na kitu kidogo kilichofanana na kungoja. Mungu anisamehe. Barasa alikuwa mzima. Alitaka kujua kama mbwa anakula.

Wazazi wenye watoto kama wangu wanajua ninachosema. Wengine mtanihukumu, na mna haki.

Mwezi wa tisa Lemayian alirudi siku chache kuangalia boma, akapita kunisalimu. Alikuwa amekonda. Ng'ombe wake wengi walikuwa wamekufa, na kondoo karibu wote. Hakutania hata kidogo, na hilo lilinitisha kuliko mizoga. Basi nikaingiza mkono mfukoni nikatoa peremende yangu. Nikamsomea Yeremia.

Akanisikiliza. Akasema, "Mwalimu, huyo Yeremia alikuwa na ng'ombe?"

"Sidhani."

"Basi mwambie apate kwanza. Halafu aje tuongee juu ya mawazo mema."

Akaenda zake. Niliudhika, si kwake. Niliudhika kwa sababu nilikuwa nimesema maneno makubwa nami mwenyewe siyaamini, mimi ambaye usiku uliotangulia nilikuwa nimeomba ninachokijua. Nikaifungua Biblia ile sura yote, nikaisoma tangu juu, kama nilivyokuwa nikiwalazimisha wasichana wangu darasani: usichukue sentensi moja ukakimbia nayo.

Nadhani nilikuwa sijawahi kuisoma.

Nabii anawaandikia watu waliochukuliwa mateka, walio mbali na kwao. Anawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, wautakie amani mji walimo. Na anawaambia kwamba watarudishwa, ndiyo, lakini baada ya miaka sabini.

Sabini! Nilivua miwani. Katika mkutano ule uliosomewa maneno hayo bila shaka walikuwamo wazee wa umri wangu, wenye miguu iliyovimba. Walijua kujumlisha. Walijua kwamba lile tumaini tamu la mstari unaofuata halitawakuta hai. Na bado waliambiwa wapande miti ambayo wengine wangekula matunda yake.

Hilo ndilo lililonipa tumaini, sijui kama nitaweza kulieleza. Miaka yote nilikuwa nikilisoma kusudi la Mungu kama matokeo ya mtihani: yatatoka, nitayaona, nitapongezwa. Barasa atapona, nitashuhudia kanisani nimevaa kitenge kipya. Alipokosa kupona, nilidhani kusudi limeshindikana, na nikaomba karatasi ichanwe. Kumbe sikuahidiwa kuyaona. Niliambiwa nijenge, nipande, na niutakie amani mji nilimo, na yatakayobaki hayako mikononi mwangu. Kwa mtu anayekufa, hilo si neno gumu. Ni mzigo unaotuliwa.

Ila bado sikujua la kufanya kuhusu Barasa. Theolojia haimpi mtu pa kulala.

Leo saa nne simu ililia. Lemayian.

"Mama Barasa! Mvua iko huko?"

"Inaninyeshea mpaka masikioni."

"Tunarudi. Tuko karibu Isinya. Zile zimebaki ni kidogo, hata nikikutajia utadhani ni mbuzi za mjane." Akacheka. Nilimshukuru Mungu kwa kicheko hicho. "Ngoja, Paker anataka simu."

Nilimsikia mwanangu akipumua. Huwa anapumua kwanza.

"Mama. Mvua imenyesha?"

"Imenyesha, baba."

"Majani yametoka?"

"Yameanza."

"Basi narudi."

Nikamuuliza lile swali ambalo sisi sote, kwa miaka hii yote, tumewauliza madaktari na wachungaji na wajomba, na hatujawahi kumuuliza yeye.

"Barasa, unarudi wapi?"

Alifikiri. Nilisikia kengele ya ng'ombe.

"Kwa Paker," akasema. "Halafu kwako. Halafu kwa Paker."

Kisha akaongeza, "Msichinje."

Nililia mpaka Rose akaja mbio kutoka jikoni akidhani ndiyo saa yenyewe.

Unaona, sisi ndio tulikuwa wageni hapa. Mimi na marehemu tulijenga Kitengela huku mioyo ikiwa Kimilili, tukisema "nyumbani" na kumaanisha mahali pengine. Barasa, ambaye tulidhani amepotea, ndiye pekee kati yetu aliyekuwa amejenga na kupanda. Ana watu wanaomwita kwa jina ambalo hakuna aliyeweza kulila. Na mimi nilitaka kumng'oa, ama nimrudishe kwenye chumba cha nyuma, ama nimwone kaburini kwanza.

Baada ya kujikausha uso nilimpigia tena Lemayian. Nilikuwa nimejiandalia hotuba. Kwetu, mjane haendi kumwachia mtu wa nje mtoto wa ukoo, na ulimi ulikuwa mzito. Nikaanza, "Baba Nasieku, Jumamosi wananipeleka Kimilili, na sitarudi. Nilikuwa nataka kukuomba..."

"Mwalimu," akanikata, "wewe unataka kuniomba nikae na Paker yangu?"

"Ndiyo."

"Sasa hiyo ni kuomba gani? Wewe nenda salama. Na uchukue sweta, huko kwenu kuna baridi."

Alipokata simu, nikamwambia Rose anitafutie sweta.

Jioni hii nikaongea na Kizito kwa simu. Hakukubali upesi. Alisema watu wa nyumbani watasema amemtupa ndugu yake porini. Nikamwambia watu wa nyumbani ndio waliomfungia. Akasema, "Na mzee Lemayian akifa?" Nikamwambia ana watoto, na katika Biblia yao agano huitwa kwa neno lilelile wanaloita undugu huu wa mifugo, halikomi na mtu mmoja. Kizito ni mtoto mzuri. Amebeba familia hii mgongoni tangu ana miaka ishirini na mitano, na hakuna aliyemuuliza yeye pia alikuwa anarudi wapi. Nilimwambia hilo. Sauti yake ikabadilika.

"Sasa unataka nifanye nini, Mama?"

"Jumamosi pitia sokoni Isinya kabla hujafika hapa. Nunua kondoo jike, kijana, mwenye afya."

"Sawa. Wa kuchinja tukuage?"

"Kizito!"

"Nini?"

"Huyo si wa kuliwa! Kondoo wa Lemayian wamekufa karibu wote. Utampeleka mwenyewe, kwa mkono wako, mpaka bomani kwake. Kuanzia siku hiyo wewe na yeye mtaitana Paker. Na utakuwa ukija kumwona Paker wako, na ndugu yako utamkuta hapo."

Nikasikia akicheka, kicheko cha kuvunjika, cha mtu aliyekumbuka ngozi juu ya seng'enge. "Ataniuliza kama nimebeba sufuria," akasema.

"Atakuuliza. Vumilia."

Kwa hiyo Jumamosi nitapanda gari. Nitaenda kulala kando ya mume wangu, na mwanangu atabaki katika nchi aliyoichagua. Sijui kusudi la Mungu kwake ni nini. Sitalijua. Ninaogopa bado, hasa pumzi inapokatika. Lakini kuna kazi moja imebaki, na nitaifanya hapa, mbele yenu nyote.

Bwana, lile ombi nililokuletea mwezi wa saba nikiwa Kajiado, nalirudisha. Usilitimize. Acha mwanangu aishi kunishinda. Aishi miaka mingi, azeeke, ndevu zote ziwe nyeupe, na sitang'oa hata moja.

Mvua imepungua. Ng'ombe watapita hapa kesho au Alhamisi, matope yakiruhusu. Nimemwambia Rose aniwekee kiti karibu na geti, na amfunge mbwa, ili nimsikie mwanangu akija kabla sijamwona.